Nywele Nyembamba na Mkono wa Msusi

Mwanamke aliyejaliwa nywele nyembamba katika mji wa Uvira, mji uliojibana baina ya milima ya Mitumba na maji ya ziwa Tanganyika, hukua akisikia nasaha nyingi juu ya kichwa chake kuliko anazopewa mwanamke mwingine yeyote. Majirani humwambia apake mawese ili zinenepe, mashoga humshauri anyoe mara kwa mara ili zirudi kwa wingi, na wakwe, ambao aghalabu husema kwa mafumbo, huuliza kama kwao kuna maradhi. Mimi ni mmoja wa wanawake hao. Nywele zangu ni za kipilipili kama za aila yote ya baba, lakini kila unywele ni mwembamba hata nikiushika baina ya vidole viwili siuhisi, nauona tu unapopita mbele ya mwanga. Nimezitunza tangu utotoni kwa maarifa niliyoachiwa na marehemu shangazi yangu, aliyekuwa msusi katika mtaa wa Kakombe, na baadaye nikawasuka wengine walio kama mimi. Na jambo ninalotaka kulieleza hapa, maadamu nimelishika kwa miaka mingi na sijaona bado la kulitangua, ni kwamba kuzitunza nywele nyembamba ni kazi ya kusoma kabla ya kuwa kazi ya kupamba, na msusi asiyejua kukisoma kichwa hukiharibu hata vidole vyake vikiwa vyepesi na misuko yake ikiwa mizuri.

Kwanza yafaa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna nywele chache, na kuna nywele nyembamba. Kichwa cha mtu huwa na nywele zipatazo laki moja, na mtu aweza kuwa na laki yake kamili ilhali kila unywele ni dhaifu, au akawa na nywele nene zilizoachana hata ngozi ikaonekana. Wala wembamba si usinga, kwa kuwa zipo nywele za singa zilizo nene na ngumu, na zipo za kipilipili zilizo laini kupita kiasi. Unywele mwembamba aghalabu haufiki upana wa sehemu 6 katika 100 za milimita, ilhali ulio mnene hufika sehemu 8 au zaidi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, walakini uzito unaoweza kuhimiliwa na unywele haufuati upana wake, hufuata eneo la mkato wake. Kwa hiyo unywele wenye nusu ya upana wa mwenziwe una robo tu ya nguvu zake. Shangazi hakupata kuisoma hesabu hiyo popote, lakini kazi yake yote ilikwenda kwa mujibu wake, na kila aliyeketi mbele ya kigoda chake alitambua kwamba mkono uliomshika ulikwisha kupima kabla ya kuvuta.

Kusoma kwake kulianza na maji. Mgeni afikapo kwetu hudhani kwamba mwenye ziwa zima mbele ya mlango hana haja ya kutafuta maji ya kuoshea kichwa. Kumbe maji ya Tanganyika, ijapokuwa ni maangavu hata mtu huona mawe chini, yana tabia ya magadi. Mto Ruzizi hutoka ziwa Kivu penye mji wa Bukavu, ukateremka kiasi cha mita 700 kupitia magenge na uwanda, ukamwaga ziwani kwetu chumvi zilizotokana na mawe ya volkeno ya kaskazini, na miongoni mwa chumvi hizo magnesiamu ni nyingi. Wapelelezi Livingstone na Stanley walipofika kwenye mlango wa mto huo mwezi wa Novemba mwaka 1871, walitaka kujua kama maji yanaingia ziwani au yanatoka, na walipoona kwamba yanaingia haja yao ikaishia hapo. Wenyeji, ambao hilo walilijua siku zote, ndio walioendelea kuishi na kile kinachoingia pamoja na maji. Ukiosha nywele kwa sabuni na maji hayo, povu ni haba, na chumvi hushikana na sabuni zikafanya utando mweupe unaobaki kichwani hata ukisuuza. Fauka ya hayo, unywele umefunikwa kwa magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, ambayo hulala penye uchachu kidogo na kuinuka penye magadi. Nayo yakiinuka, unywele hukwaruzana na mwenziwe, hushikana, na hukatika mahali unapojikunja. Unywele mnene hulistahimili jambo hilo kwa muda mrefu. Mwembamba hauna akiba ya kustahimilia.

Kwa sababu hiyo shangazi alikinga maji ya mvua. Kuanzia Oktoba mpaka Mei palikuwa na pipa lenye kifuniko chini ya mchirizi wa mabati, na hapana aliyeruhusiwa kuchota humo kwa ajili ya vyombo wala kufua. Kiangazi kilipoingia, vumbi la uwanda wa Ruzizi likapaa na pipa likapungua, alitumia maji ya bomba la shirika la maji la Regideso, yatokayo katika mto Mulongwe na si ziwani, mto uleule uliofurika mwezi wa Aprili mwaka 2020 ukachukua nyumba na roho za watu. Na bomba lilipokauka, jambo ambalo mkazi wa Uvira hana haja ya kuelezwa, alichukua maji ya ziwa, akayachemsha kwa kuhofu kipindupindu, akayaacha yapoe, akaosha, kisha akamalizia kwa suuzo la kopo moja la maji lililokamuliwa nusu ndimu. Nimewasikia watu wakiiita ndimu ile ushirikina wa waungwana wa zamani, nao wamekosea, maana nywele na ngozi ya kichwa zina uchachu wake wa asili, na ndimu iliyozimuliwa sana huurudisha na kuyalaza magamba. Nasisitiza kuzimuliwa, kwani ndimu tupu huchoma ngozi, na jua la adhuhuri likiikuta huacha mabaka.

Kisha mafuta. Ukanda wetu ni wa michikichi, tangu Fizi hadi Uvira mawese hupikwa nyumba kwa nyumba, na kwa vile yapo tele watu huyamimina kichwani kama mtu anayekaanga. Mawese ni mazito, huacha rangi kwenye mto na kola, na harufu yake haiondoki upesi. Shangazi alipenda mafuta ya mise, yanayokamuliwa katika kiini cha kokwa na si katika nyama ya tunda, nayo hakuyatumia ila matone machache, ambayo aliyasugua viganjani mpaka yakaenea, ndipo akapitisha viganja juu ya nywele zilizo na unyevu akianzia nchani. Kichwa chenye nywele nyembamba kikipakwa kwa ukarimu, nywele hulala chapachapa, huonekana chache kuliko zilivyo, na vumbi hupata makao. Mafuta ya nyonyo, ambayo sokoni husifiwa kuwa hukuza na kunenepesha, aliyaona mazito mno, akayatia tone moja tu ndani ya yale mengine wakati wa vumbi. Hapana mafuta yanayougeuza unywele mwembamba kuwa mnene, wala wembe hauwezi; upana wa unywele huamuliwa ndani ya ngozi, katika kishimo unamochipukia, kabla haujaliona jua. Unywele ulionyolewa hurudi ukiwa na ncha butu, na ule ubutu ndio unaodhaniwa kuwa ni unene na mkono usiochunguza. Watoto wangapi wa kike katika mji wetu wamenyolewa kipara mwaka baada ya mwaka kwa dhana hiyo, wakafika shuleni wameinamisha vichwa, na hapakupatikana hata unywele mmoja ulioongezeka upana!

Nieleze sasa alivyosuka. Aliniketisha mkekani baina ya magoti yake, mgongo wangu ukiegemea kigoda, akazigawa nywele mafungu manne kwa vidole, akayabana matatu na kulifungua moja. Kitana cha meno ya karibu hakikuwamo kapuni mwake. Alikuwa na chanuo la mti lenye meno mapana, ambalo ncha zake zilikwisha kulainika kwa miaka. Fungu alilikamata katikati kwa mkono wa kushoto, ili mvuto usifike ngozini, akachana ncha kwanza kwa upana wa kidole kimoja, halafu akapanda upana mwingine, na mwingine, mpaka shinani. Unywele uliokwama hakuuvuta, aliutilia tone la maji, akangoja, akaufungua kwa ukucha. Msuko aliowachagulia watu wa namna yangu ulikuwa twende kilioni wa mistari michache na mipana kiasi, kwa kuwa mistari mingi na myembamba huzitwika uzito nywele chache, na njia zikizidi huidhihirisha ngozi. Njia zenyewe hakuzinyoosha, alizipindisha kidogo kidogo, hivyo jicho halikupata uwazi wa kuukimbilia kutoka pajini hadi kisogoni, na kichwa kikaonekana kimejaa.

Lakini ustadi wake ulikuwa katika panja. Hapo huota vinywele vya malaika, vifupi na laini kuliko vyote, ambavyo wasusi wengi huvilazimisha kuingia katika msuko ili uso uonekane umechorwa, na ambavyo hunyonyoka kwanza, na vikinyonyolewa miaka mingi mfululizo kishimo chake huziba kwa kovu na havirudi tena. Shangazi aliuanza mstari ndani kidogo, akaviacha vile huru, akavilaza kwa kidole chenye unyevu. Na alipokuwa akisuka aliniamuru niinue nyusi, kisha nikunje uso, kisha niinue tena. Paji likikataa kujikunja, alitambua kwamba amekaza, akafumua mstari mzima, hata kama jua lilikuwa linazama na wateja wengine wanangoja. Barazani kwa wengine mtoto akilia chini ya mkono wa msusi huambiwa avumilie kwa kuwa uzuri una uchungu wake. Kwake, kilio kilikuwa khabari iliyotoka kichwani, na msusi aliyeipuuza alimhesabu kuwa amelala kazini.

Siku za sikukuu alisuka uzi, yaani kulizungushia kila fungu uzi mweusi tangu karibu na shina hadi ncha, likasimama au likainama kama atakavyo mwenyewe. Misuko hiyo ilipata heshima kubwa katika miaka ya 1970, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire na serikali ikihimiza watu warudie ya asili yao, ikawakataza wanawake suruali na vimini, na wasusi wakashindana kubuni minara, madaraja na mataji ya uzi. Mpaka leo naamini kwamba hapana namna iliyo bora ya kunyoosha nywele nyembamba pasipo moto wala dawa, mradi uzi uwe wa pamba na si wa nailoni ukatao, na uanze kuzungushwa upana wa kidole mbali na ngozi. Majirani zetu nao wana adabu zao za kale za kichwa. Wanyarwanda walikata amasunzu, matuta ya nywele yaliyomtambulisha msichana asiyeolewa na kijana wa kiume vilevile, na Wamangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo waliwasuka wanawake wao taji pana nyuma ya kichwa, ambalo picha zake zilienea ulimwenguni. Hayo yalikuwa mapambo ya nywele zenye nguvu. Mwenye nywele nyembamba aliyapata kwa kuyapunguza, na kuyapunguza bila kuyafanya yaonekane maskini kunahitaji jicho zuri.

Msuko wake haukukaa kichwani zaidi ya wiki mbili, na usiku nilijifunga leso ya hariri iliyochakaa, kwa sababu kitambaa cha pamba hunyonya mafuta na kuzikwaruza nywele mtu anapojigeuza. Kufumua kulichukua muda mrefu karibu sawa na kusuka. Alizikusanya nywele zilizotoka, akaziviringisha kiganjani, akazitazama dirishani. Kila mtu hupoteza nywele hamsini hadi mia kwa siku, nazo zilizofungwa msukoni hukaa humo mpaka siku ya kufumuliwa, kwa hiyo kishungi kidogo hakikumtisha. Alichotafuta ni ncha zake: zenye kinundu cheupe zilianguka kwa kufika muda wake, na zisizo nacho zilikatwa, na aliyezikata alikuwa ni msusi.

Siku moja, nami nikiwa msichana wa kushika uzi na kuchota maji, alikuja mama mmoja kijana, mkazi wa upande wa Kavimvira, amembeba mtoto wa kike wa miaka miwili au mitatu. Mtoto alikuwa na nywele laini ajabu, zimenyooka, zina wekundu wa kutu, na kila aliyekuwa barazani alizisifu. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, hata mwanamke mmoja akasema huyu ni mtoto aliyeshiba.

“Bibi, nisukie huyu, kesho tuna arusi Kalundu,” alisema mama yake.

Shangazi hakugusa chanuo. Alimpakata mtoto, akamuuliza jina, na mtoto hakujibu wala hakumtazama. “Nywele hizi zimekuwa na rangi hii tangu lini, mwanangu?”

“Ni za kwao baba yake, Bibi. Ni watu wa nywele laini.”

“Nywele laini nazijua, hata humu nyumbani ninaye mwenye nazo. Za huyu hazikuzaliwa hivi.”

Alishika nywele chache za utosini baina ya kidole gumba na cha shahada, akazivuta kwa wepesi, nazo zikaja zote mkononi mwake, na mtoto hakupepesa macho. Akatugeuzia kiganja tuone. Karibu na ncha ulikuwako weusi, kisha wekundu, kisha weusi mdogo, kisha wekundu mrefu hadi shinani. Halafu akaubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, na shimo la kidole likabaki. Barazani palinyamaza. “Mama, huyu hasukwi leo,” akasema. “Huyu ana bwaki. Funga kitenge tuende kituo cha afya, nami nakwenda pamoja nawe.” Wakaondoka, wateja wakaachwa na nywele nusu zimesukwa, na hakuna aliyelalamika.

Bwaki, ambayo madaktari huiita kwashiorkor tangu Cicely Williams alipoieleza katika miaka ya 1930 kutoka pwani ya Ghana ya leo, ni maradhi ya mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa ugali wa muhogo na mboga bila samaki, maharage wala maziwa ya kutosha. Mwili huvimba kwa maji na kumdanganya mtazamaji kwamba ni unono. Katika Kivu yetu limekuwa jambo la kuchunguzwa kwa miaka mingi huko Lwiro, makao ya taasisi ya utafiti iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947. Nywele hutokana na chakula kilekile kinachojenga nyama ya mwili, nazo si kiungo cha lazima kwa uhai. Mwili unaopungukiwa huzinyima nywele kabla ya kuunyima moyo, kwa hiyo hutoka nyembamba, hupoteza rangi, hulegea shinani. Na kwa kuwa unywele hurefuka takriban sentimita moja kwa mwezi, mapande yale ya weusi na wekundu, ambayo waganga huyaita alama ya bendera, huonyesha miezi gani mtoto alikula na miezi gani alikosa. Mama yule kijana alikuwa amekimbia shamba lake mara mbili katika mwaka ule, na mara zote mbili zilikuwamo kichwani mwa mwanawe.

Mtoto aliletwa tena baada ya miezi kadhaa. Penye ngozi palikuwa na weusi mnene wa upana wa vidole viwili, na juu yake wekundu wa zamani umening'inia. Shangazi aliukata wekundu ule kwa mkasi mdogo, akasuka kilichobaki, mistari mifupi isiyofika popote, na mtoto alilia kwa sauti kubwa tangu mwanzo hadi mwisho, akapigana na mkono wake, na shangazi alicheka kwa furaha niliyoiona mara chache usoni pake.

Mimi mwenyewe nilikuja kuisoma alama nyingine katika kichwa changu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1996 vita vilipoingia Uvira tulivuka ziwa kwa mtumbwi kuelekea Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu, pamoja na umati mkubwa wa watu wa Kivu ya Kusini. Njiani na siku za kwanza kambini nywele zangu hazikunipa taabu. Ilipofika miezi miwili, mitatu baadaye, tulipokwisha kupata hema na posho, wakati ambapo roho ilikuwa imeanza kutulia, ndipo zilipoanza kutoka kwa mafungu, hata nikaogopa kujifunga na kujifungua kitambaa. Wanawake wengi wa kambini yaliwapata hayohayo, na wengine waliyasingizia maji ya Tanzania, wengine jicho la hasidi. Shangazi alitutuliza. Alikwisha kuyaona kwa wazazi baada ya kujifungua, na kwa waliopona homa kali: kishindo kikubwa huzisimamisha nywele nyingi kwa pamoja, nazo hukaa shinani zimekufa miezi miwili hadi mitatu, zikasukumwa nje na zile changa zinazochipua. Kwa hiyo kunyonyoka kule, alisema, ni dalili kwamba mpya zimeanza. Alituamuru tusisuke kabisa, tule maharage ya posho na ndagala kila tulipowapata kutoka Kigoma, na tuache vichwa vipumzike chini ya kitambaa kilicholegea. Zilirudi, taratibu, kwa urefu usiolingana, na kwa mwenye nywele nyembamba safari hiyo ni ndefu kwa sababu upungufu huonekana upesi na ongezeko huonekana kwa kuchelewa. Marehemu alizikwa kulekule Kasulu. Vyombo vilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005, nilirejea na chanuo lake.

Juu ya dawa za kunyoosha nywele sitasema mengi. Nyingi zina magadi makali yanayoweza kuyeyusha unywele wenyewe zikiachwa zaidi ya muda wake, na muda wa unywele mwembamba ni mfupi kuliko ulioandikwa juu ya kopo, maana dawa huupenya upesi. Binamu yangu aliungua hivyo katika saluni moja ya ng'ambo, na kovu la utosini analo. Nywele za kuongeza, ambazo sisi huziita meshi, zina hesabu nyingine: mafungu mazito, yakisukwa membamba hadi kiunoni, huning'inia katika nywele ambazo, kama nilivyotangulia kusema, zina robo ya nguvu za wenzao, na baada ya miezi michache panja hupanda juu hata paji likawa pana kuliko uso. Msichana mwenye nywele nyembamba ajaye kwangu akitaka misuko ya namna hiyo humwambia achague urefu usiopita bega, fungu moja la meshi badala ya manne, na mistari minene. Wengine hukubali. Wengine huondoka kwa hasira, wakavuka Kavimvira na Gatumba hadi Buyenzi kule Bujumbura, ambako watapata walichokitaka kwa saa chache, nami sijamzuia hata mmoja, ila humsihi kila mmoja aje kufumuliwa kwangu, kwa kuwa kufumua vibaya huzimaliza hata zile zilizosalimika.

Linalonishughulisha sasa ni jingine. Mtoto wa kike katika mji wetu hukaa chini ya mkono wa msusi kila baada ya wiki mbili au tatu, ilhali mbele ya muuguzi hufika siku akiugua sana, na mama asiye na nauli wala fedha ya dawa huchelewa mpaka maji yamejaa miguuni. Msusi huyaona mashina ya nywele kabla ya daktari. Huiona mba isiyo ya kawaida, mabarango yanayoambukiza nyumba nzima, vidonda, wekundu unaoanza. Lakini wasichana wengi wanaosuka leo pembezoni mwa barabara kuu, tangu Mulongwe hadi Kalundu, wamejifunza mitindo kwenye simu, na wana ustadi wa vidole ambao shangazi angeustaajabia, ila hapana aliyewafundisha kuvuta nywele chache za utosini na kuzitazama mwangani. Wakimwona mtoto mwenye nywele nyekundu na laini humsifu, humsuka, hupokea ujira, na mtoto hurudi nyumbani na bwaki yake imepambwa.

Nimelisema jambo hili kwa wauguzi wa kituo kilicho karibu nami, nao wamekubali kuja barazani kwangu, mradi niwakusanye wasusi alasiri moja isiyo ya soko. Watakuja na picha za alama ya bendera, nami nitawaonyesha wasusi namna ya kushika fungu katikati. Wasusi waliponiuliza watalipwa nini kwa kumrudisha mteja bila kumsuka, niliwajibu kwamba msuko wa mtoto aliyepelekwa kituoni nitausuka mimi siku atakapopona, na ujira wake utakwenda kwa yule aliyemgundua. Watatu kati yao wamekwisha kuniandikisha majina.